Kipawa, Riadha na Ushindi: Suala la Uwezo wa Mwili Likitazamwa kutoka Kinondo

1.0 Utangulizi

Zipo kauli mbili ambazo husemwa kwa wepesi nchini Kenya, na ambazo ni nadra kuhojiwa. Ya kwanza ni kwamba Mkalenjin huzaliwa na mbio. Ya pili ni kwamba mtu wa Pwani hana mbio, kwa kuwa joto, bahari na minazi vimemzoeza kustarehe. Kauli ya kwanza hutolewa kama sifa, nayo ya pili hutolewa kama mzaha. Kwa sababu hiyo huchukuliwa kuwa ni kauli za aina mbili tofauti, moja ya heshima na nyingine ya dharau.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hizo ni moja. Zote mbili huchukua matokeo ya mashindano, ambayo ni tendo la mtu fulani mahali fulani, na kuyageuza kuwa tabia ya watu wote anaohesabiwa kuwa miongoni mwao. Hoja ya msingi ni kwamba kosa la kimaadili limo katika mgeuzo huo wenyewe, wala halipungui pale mgeuzo unapozaa sifa badala ya matusi. Aidha, inadaiwa kwamba mgeuzo huu haukuzaliwa Afrika ya Mashariki. Ulikuja pamoja na mashindano ya kimataifa ya kisasa, na historia yake inaweza kufuatwa mwaka hadi mwaka.

Mahali pa kutazamia suala hili ni Kinondo, katika Kwale, kusini ya Diani kwenye njia ya kuelekea Msambweni. Uteuzi huu una sababu. Kinondo ni nchi ya Wadigo, na mtoto wa hapo huipokea kauli ya pili kabla hajaweza kuipima. Maji yanapokupwa, vijana hucheza kandanda na kukimbizana katika mchanga uliokazwa na bahari. Hata hivyo, anapokua huelezwa kuwa mbio ni mali ya watu wengine, walioko nyanda za juu, umbali wa mamia ya kilomita. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ni nani aliyempimia mtoto huyo mwili wake, na kwa kipimo gani?

2.0 St. Louis, 1904

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliundwa Paris mwaka 1894 kwa juhudi za Pierre de Coubertin, na michezo ya kwanza ikafanyika Athens mwaka 1896. Ahadi iliyotolewa ilikuwa ya usawa: mstari mmoja wa kuanzia, umbali mmoja, saa moja ya kupimia. Mbele ya saa hiyo hapana bwana wala mtwana. Kwa nadharia, hii ni ahadi nzuri, na haifai kudharauliwa. Lakini kipimo kinachodai kumtazama mtu mmoja mmoja hakikukaa muda mrefu kabla ya kutumiwa kupima jamii. Kufikia michezo ya London ya mwaka 1908, wanamichezo waliingia uwanjani chini ya timu za mataifa yao. Miaka minne kabla ya hapo, huko St. Louis nchini Marekani, kilikuwa kimetokea kisa ambacho kinabainisha tatizo letu waziwazi.

Michezo ya mwaka 1904 iliambatanishwa na maonyesho makubwa ya kibiashara ya dunia. Katika maonyesho hayo watu walioletwa kutoka pembe mbalimbali za ulimwengu waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Walikuwamo Wafilipino wa jamii mbalimbali, Waainu wa Japani, watu wa Patagonia, Wahindi Wekundu wa Marekani, na watu wafupi wa msitu wa Kongo, miongoni mwao Ota Benga. Tarehe 12 na 13 Agosti watu hawa walipangiwa mashindano yao wenyewe, yaliyoitwa Siku za Anthropolojia. Waandalizi walikuwa wawili: W. J. McGee, mkuu wa idara ya anthropolojia katika maonyesho, na James E. Sullivan, kiongozi wa riadha ya Marekani. Walitaka kujua kama ilikuwa kweli kwamba mtu aliyeitwa mshenzi ana nguvu na mbio za asili kumpita mstaarabu.

Washiriki hawakupewa mazoezi, na maelezo yalitolewa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuifahamu. Wakatakiwa kukimbia, kuruka, kutupa tufe na kurusha mkuki kwa kanuni ambazo hawakuwahi kuziona. Taarifa rasmi ya tukio hilo inasimulia jambo moja ambalo mhakiki wa fasihi hawezi kulipita. Baadhi ya wakimbiaji walipofika kwenye utepe wa kumalizia hawakuukata kwa kifua. Wengine walisimama mbele yake, na wengine wakainama na kupita chini yake.

Sullivan alilisoma tendo hili kama ushahidi wa upungufu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba uwezo wa mtu wa asili umetiwa chumvi, na kwamba mwili wa mstaarabu ndio ulio bora. Msomaji mwingine anaweza kulisoma tendo lilelile kwa namna tofauti kabisa. Mtu aliyepita chini ya utepe alikuwa anaheshimu kitu kilichofungwa njiani, kwa kuwa hakuna aliyemfahamisha kuwa kitu hicho kimewekwa ili kikatwe. Mbio zake zilikuwapo. Kilichokosekana ni mapatano juu ya maana ya utepe. Anayetaka kuingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ambao mwaka 2008 ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, hufungwa kitambaa cheusi na kuelezwa miiko kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Asiyeelezwa hawezi kulaumiwa kwa kukiuka. Kanuni hii ya adabu, ambayo mzee yeyote wa kaya anaifahamu, ndiyo iliyokosekana katika uwanja wa St. Louis.

Mambo mawili yanaitilia nguvu tafsiri hii. Kwanza, McGee hakuridhika na matokeo ya Agosti. Mwezi wa Septemba aliandaa mashindano mengine, na safari hii washiriki walipewa nafasi ya kujizoeza. Matokeo yakawa bora. Pili, tarehe 30 Agosti mwaka huohuo, majuma machache tu baada ya Siku za Anthropolojia, Waafrika wawili kutoka Afrika ya Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, ambao walikuwa St. Louis kwa ajili ya maonyesho ya Vita vya Makaburu, waliingia katika marathoni ya Olimpiki yenyewe. Wakimbiaji 32 walianza na 14 tu wakamaliza. Taunyane alikuwa wa tisa na Mashiani wa kumi na mbili. Ushahidi uliokanusha hitimisho la Sullivan ulikuwa katika mji uleule na mwezi uleule, lakini haukuingizwa katika hesabu.

Coubertin, ambaye hakuhudhuria, aliandika baadaye kwamba tamasha lile lilikuwa fedheha, na akabashiri kuwa mvuto wake ungetoweka siku ambayo watu weusi, wekundu na wa manjano wangejifunza kukimbia, kuruka na kutupa, na kuwaacha weupe nyuma. Ubashiri huo umesifiwa mara nyingi. Hata hivyo, lau utasomwa kwa makini, utaonekana kuwa nao bado unahesabu kwa rangi. Aliyeshinda na aliyeshindwa wamebadilishana nafasi, lakini katika sentensi yake anayekimbia bado ni taifa zima, si mtu.

3.0 Simulizi Inayogeuka Bila Kuacha Kuwa Ileile

Kama uwezo wa mbio ungekuwa sifa ya kudumu ya damu, ingetarajiwa kwamba simulizi za damu nazo zidumu. Historia inaonyesha kinyume chake. Katika miaka ya 1920 wakimbiaji wa Finland, Paavo Nurmi akiwa mbele yao, walitawala mbio za masafa marefu. Wapo waliolieleza hilo kwa damu ya Wafini, misitu yao na theluji yao. Wakati huohuo mtu mweusi alidhaniwa kuwa hana stahamala ya masafa marefu. Mwaka 1936 Jesse Owens alipotwaa medali nne za dhahabu mjini Berlin, ilisemwa upesi kwamba mbio fupi na kuruka ni asili ya mtu mweusi. W. Montague Cobb, mwanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Howard, aliupima mwili wa Owens mwaka huohuo, akaonyesha kwamba mabingwa weusi hawakuwa na hata alama moja ya kimwili ambayo wote walishirikiana na ambayo ingewatambulisha kwa rangi yao. Simulizi haikusikiliza. Mwaka 1941 mkufunzi Mmarekani Dean Cromwell bado aliandika kwamba mwanariadha mweusi anafaulu kwa kuwa yu karibu zaidi na hali ya kishenzi.

Mwezi wa Julai 1954 Wakenya wawili, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro, walikimbia katika uwanja wa White City, London, wakielekea michezo ya Jumuiya huko Vancouver. Maiyoro alikuwa wa tatu katika mbio za maili tatu, mbio ambazo Waingereza wawili waliokuwa mbele yake walivunja rekodi ya dunia. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma akiwa miguu mitupu. Mwaka 1968 huko Mexico City, Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000. Kipchoge Keino akafuatia katika mita 1,500, na Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji. Tangu hapo simulizi iligeuka kabisa. Mtu mweusi aliyenyimwa stahamala sasa alitangazwa kuwa ameumbwa kwa stahamala. Hakuna mwili uliobadilika katika miaka hiyo kumi na minne. Kilichobadilika ni orodha ya washindi, na simulizi ya damu ikajipanga upya nyuma ya orodha hiyo, kama inavyofanya daima.

Inafaa kukumbuka kwamba Maiyoro na Temu walikuwa Wakisii. Simulizi ya Mkalenjin aliyezaliwa na mbio imelazimika kuwaweka kando, ingawa mmoja wao ni miongoni mwa waliofungua njia na mwingine ndiye aliyeleta dhahabu ya kwanza. Lakini kisa kinachoigusa Pwani zaidi ni cha Seraphino Antao. Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937 katika jamii ya Wagoa. Mwaka 1962, katika michezo ya Jumuiya huko Perth, Australia, alishinda yadi 100 na yadi 220, na hizo zikawa dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo. Miaka miwili baadaye huko Tokyo ndiye aliyebeba bendera ya nchi iliyokuwa imetoka kupata uhuru, na katika michezo hiyohiyo Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Kenya ya Olimpiki, shaba ya mita 800.

Hivyo basi, bingwa wa kwanza wa Kenya katika uwanja wa kimataifa alikuwa mtu wa Pwani, wa usawa wa bahari, wa joto na minazi, na tena mkimbiaji wa mbio fupi. Antao alifariki London mwaka 2011. Ni vigumu kumpata mwanafunzi wa leo anayemtaja anapoulizwa juu ya asili ya riadha ya Kenya. Hakusahauliwa kwa sababu ushindi wake ulikuwa mdogo. Amesahauliwa kwa sababu hana pa kukaa katika simulizi: si Mkalenjin, si wa nyanda za juu, si wa masafa marefu, na kwa wengine hakuonekana hata kuwa Mwafrika wa kutosha. Simulizi ya damu huamua mapema nani akumbukwe.

Madhara ya kusoma watu kwa miili yao hayaishii katika kusahau. Mwaka 1907 mtawala mdogo wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alishuhudia Rwanda mchezo wa kuruka juu uitwao gusimbuka, na picha maarufu ikamwonyesha mrukaji akipita juu ya wageni wawili waliosimama. Ilisemekana kuwa kimo kilichofikiwa kilikuwa mita 2.50, wakati rekodi ya dunia haikuwa imefika mita mbili. Warukaji waliruka kutoka kwenye kijiinuko kidogo, na kanuni zao hazikuwa za Olimpiki, jambo ambalo John Bale amelichambua kwa kirefu mwaka 2002. Ila picha haikusomwa kama picha ya mchezo wenye mazoezi na adabu zake za ikulu. Ilisomwa kama ushahidi kuwa Watutsi ni aina tofauti ya watu. Si haki kudai kwamba mchezo ndio uliozaa maafa. Lakini ni haki kusema kwamba sifa ile ilikuwa tofali moja katika ukuta uleule wa fikra ambao, katika miaka ya 1930, uliandikwa katika vitambulisho, na ambao hesabu yake ililipwa kwa damu mwaka 1994. Watutsi hawakutukanwa katika picha ile. Walisifiwa.

4.0 Mgema na Maneno Yake

Kiswahili kina methali inayojulikana na kila mtu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kama onyo juu ya kiburi. Katika nchi ya Wadigo, ambako ugemaji ni kazi ya kila siku, inaweza kufasiriwa kwa kina zaidi. Mgema hupanda mnazi kwa miguu mitupu, akiweka vidole katika ngazi zilizochongwa ubavuni mwa shina, kisu kiunoni na kibuyu mkononi. Hupanda asubuhi na jioni, jua na mvua. Mgeni anayemtazama kwa mara ya kwanza hushangaa, na pengine akatoa saa yake. Huko St. Louis nako kulikuwa na shindano la kupanda mlingoti, na mshiriki kutoka Ufilipino aliupanda kwa kasi iliyowashangaza waandalizi wenyewe.

Walakini hakuna mtu wa Kinondo anayesema kwamba mgema huzaliwa na kupanda. Kila mtu amewaona wavulana wakianza na minazi mifupi, wakiteleza, wakichubuka vifua, wakiogopa na kuuzoea woga. Uwezo wa mgema uko wazi machoni pa jirani zake kwa sababu njia ya kuupata iko wazi. Uwezo huonekana kuwa wa damu pale tu ambapo mtazamaji amefika mwishoni. Aliyekuja siku ya mashindano tu ataona mwili. Aliyekaa kijijini ataona miaka.

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi nadharia mbili za uwezo, na kila moja ina neno lake. Neno kipawa linatokana na kupa katika hali ya kutendwa: ni kitu ambacho mtu amepawa. Kipaji nalo ni la shina hilohilo, na nyuma yake yupo Mpaji. Maneno haya yanakiri kwamba hakuna mtu aliyejiumba. Neno riadha, kwa upande mwingine, limetoka katika Kiarabu, ambamo shina lake linahusu kufuga na kufunza, kama farasi anavyofunzwa. Katika maandishi ya Kisufi riyadha ni kuirudi nafsi mpaka itii, na Al-Ghazali alitenga kitabu kizima cha Ihya kwa ajili ya riadha ya nafsi. Mswahili anapomwita mtu mwanariadha, kwa mujibu wa asili ya neno, anamwita mtu aliyefunzwa na kujifunza. Lugha haijamwita mwanadamu wa damu fulani.

La kuzingatia ni kwamba hakuna hata neno moja kati ya haya mawili linalozungumza juu ya kabila. Kipawa hupewa mtu, na riadha hufanywa na mtu. Aliyepewa anawajibika kushukuru, na aliyejifunza anastahili kusifiwa. Fikra kwamba uwezo ni mali ya jumla, inayorithiwa na watu wote wa asili moja kama shamba la ukoo, haina neno la zamani katika uwanja huu, na wanaoisema hulazimika kuazima neno damu kutoka katika uwanja wa udugu.

Vilevile kitenzi kushinda kina maana mbili. Mtu hushinda vita, na mtu hushinda baharini, yaani hukaa huko kutwa nzima. Anayeshinda ni aliyepata na ni aliyedumu. Kauli ya kutendana, kushindana, inadai wawili waliokubaliana kuwa na uwanja mmoja. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii huweka ridhaa katika kiini cha mashindano. Kwa kipimo hiki, yaliyofanyika St. Louis hayakuwa mashindano hata kidogo, kwa kuwa waliokimbizwa hawakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa kushindwa. Walikuwa wanapimwa. Kupimwa na kushindana ni vitu viwili.

Haifai, hata hivyo, kuipamba Pwani kana kwamba haikujua ushindani wenye sumu. Ngoma za beni, ambazo Terence Ranger alizichunguza mwaka 1975, ziliwagawa watu wa miji ya Waswahili katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, magwaride na karamu hadi wengine wakafilisika, na nyuma ya ushindani huo zilijificha kumbukumbu za ungwana na utumwa. Tofauti iko katika jambo moja. Ushindi katika beni ulihesabiwa kuwa wa maandalizi, mali na werevu, na mtu aliweza kuhama chama. Hakuna awezaye kuhama damu aliyobandikwa.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la wazi: je, miili haitofautiani kweli? Inatofautiana, na makala haya hayakanushi hilo. Mtu anayeishi Iten, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hupumua hewa ambayo mtu wa Kinondo haijui, na mwili wake hujirekebisha kwayo. Mexico City yenyewe ina kimo cha mita 2,240, na hilo halikuwadhuru Wakenya mwaka 1968. Lakini kimo cha nchi si damu. Ni mahali, na mahali panaweza kuhamiwa. Tena kimo peke yake hakitoshi kueleza, kwa kuwa ulimwengu una milima mingi isiyotoa mabingwa. Bale na Sang, katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya mbio za Kenya, wameonyesha jinsi shule, jeshi, polisi, magereza na vyama vya riadha vya enzi ya ukoloni na baada yake vilivyojenga njia ya kumtoa kijana kijijini hadi uwanjani. Shule ya Mtakatifu Patrick ya Iten, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka 1976, ni mfano wa njia hiyo. Watafiti wametafuta jeni ya ushindi wa Wakenya kwa miaka mingi, na hawajaipata jeni moja inayoueleza. Njia ya kuelekea uwanjani, kinyume chake, inaonekana kwa macho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ni la kifalsafa. Hata tukiacha kabila, mtu mmoja mmoja bado huzaliwa na mapafu na misuli asiyoichuma. John Rawls alihoji mwaka 1971 kwamba hakuna anayestahili kimaadili vipawa alivyozaliwa navyo, kwa kuwa mgawanyo wake ni wa bahati. Kama ni hivyo, je, kumsifu mshindi si kusifu bahati? Jibu linaweza kupatikana katika kukaa pamoja kwa kipawa na riadha. Kipawa kikibaki peke yake, sifa zote humwendea Mpaji. Riadha ikibaki peke yake, aliyeshindwa atalaumiwa kuwa ni mvivu, na hapo dharau hurudi kwa mlango wa nyuma. Tukiyashika maneno yote mawili, tunaweza kumsifu mshindi kwa alichokifanya na alichopewa, bila kumhukumu aliyeshindwa kwa asichopewa. Jambo ambalo hatuwezi kulifanya kwa haki ni kumnyima mshindi miaka yake ya alfajiri kwa kusema kwamba alizaliwa hivyo. Sifa ya aina hiyo ni wizi. Humpa ukoo wake kile alichokilipia yeye mwenyewe.

6.0 Kioo kwa Wahakiki

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na msomaji wa fasihi akajiona yuko salama. Lakini uwanja wa ushairi wa Kiswahili nao una Sullivan wake. Katika mgogoro wa miaka ya 1970 na 1980 kati ya waliotetea vina na mizani na waliotetea ushairi huru, hoja za kiufundi ziliambatana mara kwa mara na hoja ya asili: kwamba ushairi umo katika damu ya Mswahili wa mwambao, na kwamba anayetoka bara anaweza kujifunza kanuni lakini hawezi kuwa na ladha. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo waliomsoma kwa namna ya Sullivan. Walimwona amepita chini ya utepe, na wakaamua kuwa hawezi kukimbia, bila kuuliza kama alikuwa na maana nyingine ya utepe.

Orodha ya washairi wenyewe inaikana hoja hiyo. Mathias Mnyampala, aliyesarifu tungo za kimapokeo kwa ustadi na kuikuza ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Shaaban Robert, ambaye jina lake huwekwa juu ya majina yote, alizaliwa karibu na Tanga katika ukoo wenye asili ya Kiyao. Utetezi wa damu hujibu kwa kusema kwamba watu hawa walikuwa Waswahili kwa malezi. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linaloivunja hoja yenyewe, kwa maana malezi si damu.

Hapa Kinondo hurudi na uzito mpya. Mtoto wa Kidigo huambiwa na watu wa nyanda za juu kwamba hana mbio kwa kuwa ni wa Pwani. Akienda mjini na shairi lake, anaweza kukutana na wanaoshikilia kwamba lafudhi yake ina Chidigo ndani yake na kwamba Kiswahili cha tungo ni cha Mvita na Lamu. Kwa mara ya kwanza yeye ni mpwani kupita kiasi, na kwa mara ya pili si mpwani wa kutosha. Mhakiki wa Pwani anayekasirishwa na mzaha wa kwanza, huku akiutumia wa pili katika kusahihisha kazi za wanafunzi wake, hana hoja ya kimaadili aliyobaki nayo. Ana upande tu.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mashindano ya kimataifa ya kisasa yalizaliwa na ahadi mbili zisizopatana: ahadi ya kumpima mtu kwa tendo lake, na tamaa ya kuzipima jamii kwa watu wao. Simulizi ya uwezo wa damu ni zao la tamaa hiyo. Imewahi kumnyima mtu mweusi stahamala na ikamrudishia bila kuomba radhi. Imemsahau Antao kwa kuwa hakuwa na kabila la kumbeba. Huko Rwanda imeonyesha kwamba sifa inaweza kuwa hatari kuliko tusi, kwa kuwa anayesifiwa hajilindi.

Msimamo unaopendekezwa hauhitaji nadharia mpya. Unahitaji kwamba mwalimu wa michezo na mwalimu wa fasihi waulize, kabla ya kusema kuwa mtoto ana au hana uwezo, ni ngazi zipi zilizochongwa katika mnazi wake, na ni nani aliyemweleza maana ya utepe. Wanaokimbia mchangani Kinondo maji yanapokupwa hawajapimwa bado na mtu aliyekaa nao. Hadi hapo watakapopewa miaka, uwanja na mkufunzi, kila linalosemwa juu ya damu yao ni taarifa ya mtu aliyefika siku moja, akatazama saa yake, akaondoka.